Nani Aliyelipa Nauli?

Lawama kwamba Mpwani hapendi shule ni kongwe, na anayeitetea hakosi mfano. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliyokodiwa na Tom Mboya pamoja na marafiki zake wa Marekani iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81 waliokwenda kusoma Marekani. Kufikia 1963 waliopitia mpango huo walikaribia 800, wengine wakiwa wa nchi jirani. Wengi wa Wakenya walitoka Mkoa wa Kati na Nyanza. Malindi, Takaungu, Kaloleni na Rabai hazikutoa kundi la kulingana na hilo. Basi, husemwa, ndege ilikuwa wazi kwa wote, ila wa Pwani walibaki barazani. Naona hesabu hii imeanzia mwisho. Historia ya masomo ya ng'ambo katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kilifi yaonyesha kwamba kabla ya kuuliza nani alitaka kwenda, yafaa tuulize nani alikuwa na haja ya kumpeleka, na kama nyumbani palikuwa na ngazi ya kumfikisha kwenye hiyo ndege.

Wasomi wa mwanzo wa ng'ambo ambao majina yao yamebaki Rabai hawakwenda kwa hiari. Walikuwa watoto waliotekwa bara, wakaokolewa majahazini na manowari za Waingereza, kisha wakashushwa Bombay. Huko misheni ya CMS iliwaweka katika shule ya Sharanpur, karibu na Nasik, wakafundishwa Kiingereza, dini, useremala na uhunzi. Miaka ya 1860 wachache wao, miongoni mwao William Jones, Ishmael Semler na George David, walirudishwa Afrika Mashariki kumsaidia mmisionari Rebmann, aliyekuwa amebaki Rabai karibu peke yake. Na 1875, Frere Town, makazi ya watumwa waliokombolewa, ilipoanza kujengwa bara ya kisiwa cha Mombasa, wakaitwa wengine kwa wingi. CMS haikuwasomesha kwa kuwa ilishangazwa na vipaji vyao. Ilihitaji makatekista na mafundi ambao ilitarajia wangestahimili homa iliyokuwa ikiwamaliza Wazungu, nao ndio hao.

Mtu anaweza kupinga kwamba hao hawakuwa watu wa Kilifi kwa kuzaliwa, na kwamba walikuwa vyombo vya aliyewalipia. La kwanza ni kweli, ingawa waliozikwa Rabai na kuacha wajukuu Rabai nitawaita wa Rabai bila wasiwasi. La pili lapingwa na mambo waliyotenda. Mwaka 1885 Jones alipewa daraja la ushemasi, na mwaka huohuo akafuatana na Askofu Hannington hadi karibu na Busoga; Hannington alipouawa, Jones ndiye aliyewaongoza walionusurika kurudi Rabai. Pale misheni, wakubwa waliogopa kuwaudhi wenye watumwa, lakini Rabai ilizidi kujaa watoro, wakiwemo waliotoroka mashamba ya mtama ya Malindi ambayo siku zile yalilisha Uarabuni. Hali ilifika mahali ambapo George Mackenzie wa kampuni ya IBEA alilazimika kuwalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 karibu watu 1,400 wa misheni za pwani walipata vyeti vya uhuru. Mlipaji wa masomo, CMS, alikuwa ametaka wahubiri watiifu. Alipata kijiji cha watu waliokataa kurudishwa utumwani.

Turudi kwenye ndege za Mboya, kwa sababu hapo ndipo lawama ilipojenga nyumba yake. Mpango ule ulitoa tiketi. Hata ule msaada maarufu wa 1960 wa wakfu wa familia ya Kennedy, dola 100,000, ulikuwa wa nauli. Kabla ya kuipata tiketi, kijana alitakiwa awe na cheti cha sekondari, barua ya kukubaliwa na chuo cha Marekani na fedha za kujikimu, ambazo mara nyingi zilitokana na michango ya ukoo na kijiji. Tuvipime vitu hivi vitatu kwa mizani ya Kaloleni. Ronald Ngala, aliyekuja kukiongoza chama cha KADU, alianzia shule ya Kaloleni, akaenda Shimo la Tewa, kisha Alliance kule Kikuyu, kisha Makerere. Mtoto wa Kigiriama alisafiri nchi nzima kutafuta daraja ambalo kijana wa Kiambu alilikuta jirani na kwao. Barua ya chuo nayo ilihitaji mtu wa kukuelekeza uandike wapi na useme nini. Mkoa wa Kati ulikuwa na njia iliyokanyagwa tangu 1927, Mbiyu Koinange alipokwenda chuo cha Hampton kule Marekani. Na waliomsaidia Mboya kupanga safari, Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, walikuwa wenyewe wamesoma Marekani. Kilifi haikuwa na mtu wa namna hiyo.

Kuhusu fedha, ardhi ndiyo iliyosema. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya 1908 ilitambua madai ya watu binafsi katika ukanda wa pwani, na Wamijikenda waliolima kwa haki ya ukoo wakaamka maskwota. Miaka sita baadaye, baada ya vita vyao na Waingereza vya 1914, Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000. Najua jibu litakalokuja: Wakikuyu pia walinyang'anywa ardhi, tena wakapitia vizuizi vya miaka ya 1950. Ni kweli, na kwa hiyo siidai ardhi iwe sababu pekee. Ila wao, pamoja na kunyang'anywa, walikuwa na shule za kujitegemea, na walikuwa na watu waliokwisha kwenda na kurudi. Umaskini bila njia ni kitu kingine kabisa.

Wanaotaja dini wana hoja kidogo, lakini wanaitumia vibaya. Wazazi Waislamu wa Malindi walikuwa na sababu ya kuihofia shule ya misheni, maana misheni yenyewe haikuficha nia yake. Hofu hiyo si chuki ya elimu. Vijana wa pwani walisafiri kwenda kusoma chuo cha Kiislamu cha Riyadha cha Lamu, Unguja na Hadhramaut, na hakuna aliyewaita wavivu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alilitumia gazeti lake la Al-Islah mwaka 1932 kuwahimiza Waislamu wasiikimbie elimu ya kisasa. Mwanawe, Ali Mazrui, alikuwa wa ukoo ambao baada ya kushindwa Mombasa 1837 sehemu yake ilihamia Takaungu. Ali alipata daraja la tatu katika mtihani wa Cambridge, na Makerere ikamkataa. Akawa karani katika taasisi ya elimu ya Waislamu mjini Mombasa, hadi hotuba yake ya Maulidi ilipomfikia Gavana Philip Mitchell, aliyeisimamia taasisi hiyo kama mradi wake. Ufadhili ukapatikana: Huddersfield 1955, Manchester, kisha Columbia ya New York, kisha Oxford. Profesa mashuhuri kuliko wote wa pwani hii alipita kwa sababu gavana alikuwepo siku ile. Akili alikuwa nayo tangu mwanzo.

Marekani yenyewe ilifika Malindi bila shida yoyote. Tarehe 12 Desemba 1970, NASA ilirusha setilaiti iliyoitwa Uhuru kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, katika ghuba ya Ungwana, kwa sababu kurushia karibu na ikweta kuna faida. Waliohitaji bahari yetu waliipata. Hali kadhalika, baada ya Septemba 2001 Bunge la Marekani lilihitaji kujuana na vijana wa nchi zenye Waislamu wengi, na mpango wa maseneta Kennedy na Lugar, ulioanzishwa 2002, ukawapeleka wanafunzi wa sekondari, wa Kenya wakiwemo, kukaa mwaka mmoja na familia za Kimarekani. Viza yao huwataka warudi. Safari ya kubadilishana wanafunzi, iwe ya mwaka au ya semesta, hutofautiana na ile ya Mboya hapo: mpango wa Mboya ulitafuta watendaji wa dola mpya, huu watafuta urafiki.

Kilichobadilika kweli ni kwamba ngazi sasa ipo. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kiko mjini Kilifi tangu 1989, na Chuo Kikuu cha Pwani kilipata hati yake 2013. Mtafiti kijana wa malaria anaweza kwenda ng'ambo kwa muhula na kukuta maabara yake inamngoja. Mwaka huohuo wa 2013 ugatuzi ulileta mlipaji wa nyumbani, yaani kaunti yenye basari zake. Basari hizo ni za karo za humu nchini. Semesta moja ya Marekani ingemeza karo za darasa zima, na mwakilishi wadi wa kuwatetea wanaokwenda ng'ambo mbele ya wapiga kura wa Ganze huenda bado hajazaliwa.