Mpira mmoja, mkeka na nyasi: fizikia iliyowafuata wachezaji wa Afrika Mashariki hadi Uingereza

Ukipita Chekereni baada ya mavuno ya mpunga, maji yakiwa yameshafungwa, angalia udongo wa majaruba. Umekauka, umekuwa mgumu kama tofali na umepasuka nyufa ambazo kidole kinaingia. Udongo huu wa mfinyanzi unapendwa na wakulima wa skimu ya Lower Moshi kwa sababu unashika maji. Lakini kuna watu wengine duniani wanaoutafuta udongo wa namna hii kwa udi na uvumba: watengenezaji wa viwanja vya kriketi.

Sasa mfinyanzi na kriketi vinahusianaje? Vinahusiana sana, na ndani ya uhusiano huo kuna kipande cha historia yetu ambacho kwa kawaida husimuliwa kwa mstari mmoja tu: "Afrika Mashariki ilicheza Kombe la Dunia 1975, ikafungwa mechi zote."

Kwanza, mpira wenyewe

Mpira wa kriketi una uzito wa gramu 156 hadi 163. Ndani kuna kizibo kilichozungushiwa uzi, juu kuna ngozi. Katikati umezungukwa na mshono uliotuna kidogo. Mrushaji anautupa kuelekea vijiti vitatu vilivyo umbali wa mita 20 hivi, na mara nyingi mpira hudunda chini mara moja kabla ya kumfikia mpigaji.

Kwa hiyo mpira una safari mbili: hewani, halafu chini. Kila safari ina sheria zake.

Hewani, mshono ndio mchawi. Mpira ukienda mshono ukiwa umeinama upande, hewa inayopita juu ya mshono inavurugika, na hewa iliyovurugika hung'ang'ania ngozi ya mpira muda mrefu zaidi kabla ya kuachia. Upande wa pili, ulio laini, hewa huachia mapema. Matokeo yake shinikizo la hewa halilingani pande mbili, na mpira unapinda kuelekea ulikoelekezwa mshono. Mwaka 1983 jarida la Nature lilichapisha vipimo vya watafiti walioona kwamba mpira hupinda vizuri zaidi mshono ukiwa umeinama nyuzi 20 hivi na mwendo ukiwa karibu mita 30 kwa sekunde, yaani kama kilomita 108 kwa saa. Ndiyo maana warushaji husugua upande mmoja wa mpira kwenye suruali mpaka ung'ae na kuuacha mwingine uchakae. Si mbwembwe.

Chini, mambo yanaamuliwa na msuguano na ugumu. Na hapa ndipo historia inapoingia.

Kwa nini mkeka?

Kiwanja cha nyasi ni kazi. Unahitaji udongo wenye mfinyanzi mwingi, maji ya uhakika, rola nzito, na mtu anayejua siku gani unyevu umefaa kushindilia. Ukishindilia mapema, udongo unanata, ukichelewa, umeshapasuka. Mkulima wa Chekereni anayesubiri siku ya kuvuruga jaruba angemwelewa mtu huyo mara moja.

Kriketi ililetwa huku na Waingereza na wahamiaji kutoka India. Klabu nyingi za Afrika Mashariki zilichagua njia nyepesi: shindilia moramu, tandika juu yake mkeka uliosukwa kwa nyuzi za makumbi ya nazi, kaza kwa misumari, cheza. Nyuzi hizohizo ambazo watu wa pwani wamezisokota kamba tangu enzi za mitepe.

Lakini mkeka una tabia zake. Nyuzi zake ni kavu na zina mikwaruzo, kwa hiyo msuguano ni mkubwa: mpira unaozunguka ukidunda unashika, kisha unageuka kwa kasi. Chini ya mkeka moramu ni ngumu na haibadiliki, kwa hiyo mdundo ni wa juu na wa kuaminika. Ukiulegeza mkeka kidogo, mpira unapungua kasi na kushika zaidi. Ukiukaza, unaruka haraka. Kaza au legeza, na umeshabadilisha mchezo bila kugusa mpira!

Hili si jambo dogo. Mwaka 1913–14 Mwingereza Sydney Barnes alicheza Afrika Kusini, enzi za mikeka huko, akaangusha wiketi 49 katika mechi nne tu za Testi. Rekodi hiyo ya mfululizo mmoja haijavunjwa. Oktoba 1956, mjini Karachi, Australia walikutana na mkeka na Fazal Mahmood wa Pakistan. Walitolewa wote kwa mikimbio 80, na siku nzima ya kwanza timu mbili kwa pamoja zilipata mikimbio 95. Fazal alimaliza na wiketi 13. Hao Waaustralia hawakuwa wachovu. Mikono yao ilikuwa imefundishwa na ardhi nyingine.

Juni 1975

Sasa geuza hadithi. Timu ya Afrika Mashariki iliyokwenda Uingereza kwenye Kombe la Dunia la kwanza ilikusanya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, chini ya nahodha Harilal Shah. Kutoka Tanzania walikuwemo Shiraz Sumar na Praful Mehta. Kutoka Uganda alikuwemo John Nagenda, ambaye baadaye alijulikana kama mwandishi na mshauri wa Rais Museveni. Walikuwa wachezaji wa ridhaa, wa kazini wiki nzima na uwanjani wikendi.

Juni 7 New Zealand walipiga mikimbio 309, Glenn Turner peke yake 171 bila kutolewa. Afrika Mashariki walijibu kwa 128. Siku nne baadaye India waliwatoa kwa 120 na kuyapita bila kupoteza wiketi. Juni 14 ikawa zamu ya Uingereza: 290 dhidi ya 94. John Snow alirusha ova 12, akatoa mikimbio 11 tu na kuangusha wiketi nne.

Ukisoma namba peke yake utasema hawakujua kucheza. Ngoja kwanza. Mpigaji aliyekulia kwenye mkeka amejifunza kwamba mpira ukidunda utapanda, na utapanda sawasawa. Anausubiri juu. Kwenye nyasi mshono unaweza kuuma ardhi na mpira ukakata ghafla, au ukabaki chini.

Kuna na hewa pia. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani. Nguvu inayopinda mpira hutegemea uzito wa hewa, kwa hiyo mpira uleule, mkono uleule, hupinda kwa kiasi pungufu Nairobi kuliko Birmingham. Aliyezoea kuupiga Nairobi amezoea mpira mnyoofu.

Fizikia haifuti tofauti ya vipaji, wala ya mazoezi, wala ya mishahara. Snow angewasumbua popote. Ila inatuambia kwamba ubao wa matokeo wa 1975 ulipima vitu viwili kwa pamoja: watu, na ardhi waliyopewa kujifunzia. Sisi tumezoea kusoma cha kwanza tu.

Ardhi ilipobadilika

Ushahidi ulikuja baadaye. Nairobi ilipata viwanja vya nyasi. Februari 29, 1996, mjini Pune, India, Kenya walipata mikimbio 166 tu, halafu wakawatoa West Indies kwa 93. Maurice Odumbe na Rajab Ali waliangusha wiketi tatu kila mmoja. Mwaka 2003 Kenya wakafika nusu fainali.

Na ile hewa nyepesi? Oktoba 4, 1996, kwenye uwanja wa Gymkhana jijini Nairobi, kijana wa Pakistan, Shahid Afridi, alifikisha mikimbio 100 kwa mipira 37 dhidi ya Sri Lanka. Rekodi hiyo ilidumu hadi 2014. Kipaji ni chake, hakuna ubishi. Lakini hewa inayopinda mpira kidogo pia huuzuia kidogo ukishapigwa, na mpira unaenda mbali.

Leo mikeka ya makumbi imepungua, na sehemu nyingi imerithiwa na zulia la plastiki juu ya zege. Nayo ina mdundo wake, na watoto wanaojifunza juu yake wanajenga mazoea yake. Kwa hiyo siku nyingine ukisikia timu "imezidiwa" ugenini, kabla ya kuwahukumu, uliza swali la mkulima: walilelewa kwenye udongo gani?