Utu Uzima Dawa. Na Dawa ya Mtu Mzima?

Wahenga walisema utu uzima dawa. Leo nauliza juu ya dawa ya mtu mzima mwenyewe, anapoanza kusahau njia ya kwake.

Historia ya dawa hiyo ina mzizi Afrika. Huko Calabar, katika Nigeria ya leo, watuhumiwa wa uchawi walinyweshwa mbegu ya esere: aliyetapika aliokoka, aliyekufa alihesabiwa mchawi. Wazungu waliichukua mbegu hiyo, na mwaka 1864 wakapata ndani yake kemikali ya fizostigmini. Kemikali hiyo huzuia kuvunjwa kwa asetilikolini, inayopeleka ujumbe baina ya seli za neva. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza maradhi ambayo baadaye yalipewa jina lake. Katika miaka ya 1970 watafiti walibaini kwamba ubongo wa wagonjwa hao umepungukiwa na shughuli za asetilikolini hiyo hiyo. Ndipo zikaja dawa: donepezili iliidhinishwa Marekani mwaka 1996, na rivastigmini, iliyoundwa kwa kufuata fizostigmini, mwaka 2000. Haziponyi, kwa baadhi ya wagonjwa hupunguza makali ya dalili kwa muda.

Hivyo mbegu iliyowahukumu wachawi imezaa dawa ya wazee ambao, hapa kwetu, bado hushukiwa uchawi.

Wala ugonjwa huu si wa Ulaya pekee. Utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta maradhi ya kusahau kwa takriban asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi.

Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, tumeahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza wenye miaka 60 na kuendelea. Lakini msamaha wa malipo humfaa aliyefika hospitali. Mitaani Mwananyamala nimesikia mara nyingi: "Ni uzee tu, amerudi utotoni." Familia inayoamini hivyo itampeleka mzee kwa shinikizo la damu, si kwa kusahau. Hata sababu zinazotibika, kama sonona, upungufu wa vitamini B12 au hitilafu ya tezi ya thairoidi, hupita bila kuonekana.

Haki ya kutibiwa huanza pale maradhi yanapotambuliwa kuwa maradhi. Basi mtumishi wa afya anayepima presha ya mzee amuulize pia, yeye na aliyemleta, kuhusu kumbukumbu zake. Swali hilo halihitaji bajeti.