Baiskeli ilitengenezwa kwa ajili ya nani? (Sehemu ya 4)

Mama zangu wa Musoma, Bunda na Butiama, mwaka 1885 John Kemp Starley wa Uingereza alitoa baiskeli ya mnyororo inayofanana na za leo. Kwetu zikaja Raleigh, baadaye Phoenix ya China. Nyingi zina bomba la juu na keria ya mizigo: aliyefikiriwa ni baba na gunia lake, siyo wewe na kitenge chako na mtoto nyuma.

Kwa hiyo usinunue tu ilivyo. Chagua fremu ya kike, ukikaa miguu iguse chini. Kisha fundi wa mtaani achomelee pa kukanyagia mtoto na kinga ya spoku. Kisigino kikinaswa humo, jamani, kidonda chake huchelewa sana kupona.