Mama Yule Hakulogwa: Historia ya Protini ya Kugandisha Damu



Jumamosi tulipokutana, mmoja wetu alikumbusha jambo la kule kambini. Mtoto wa kiume aling'oka jino, damu ikatoka siku tatu. Majirani wakasema mama yake kalogwa. Sisi tuliokuwa tunajitolea pale tulinyamaza, maana hatukujua la kujibu. Sasa tumesoma, tunawaletea jibu.

Ukijikata, protini zaidi ya kumi kwenye damu hufanya kazi kwa zamu, moja ikiamsha nyingine, mpaka nyuzi nyembamba zinaziba kidonda. Baadhi yake zikikosekana, hata moja tu, damu haigandi vizuri. Ugonjwa mmoja wa aina hiyo ni himofilia.

Zamani madaktari wengi walidhani himofilia ni moja tu. Mwaka 1952, mtoto wa miaka mitano anayeishi Kanada, Stephen Christmas, alikuwa ziarani Uingereza. Damu yake ikachunguzwa Oxford na Rosemary Biggs, R. G. Macfarlane na wenzao. Walichanganya damu yake na ya mgonjwa mwingine wa himofilia. Kumbe mchanganyiko uliganda! Kila damu ilikuwa na kile ambacho mwenzake anakosa. Basi ni magonjwa mawili. Ule wa pili ukapewa jina la mtoto, ugonjwa wa Christmas, na protini aliyokosa leo inaitwa faktori ya tisa.

Baadaye wanasayansi waliweza kuitenga protini hiyo kutoka plasima, yaani majimaji ya damu, mpaka ikabaki safi peke yake. Iliyotengwa kwa ajili ya maabara ni ya kupimia na utafiti tu, mtu hadungwi. Iliyotengenezwa kama dawa ndiyo hudungwa mgonjwa.

Lakini dawa ile ilitoka kwenye plasima ya maelfu ya watu, ikichanganywa pamoja. Mmoja akiwa na virusi, wengi wanaumia. Miaka ya 1980 wagonjwa wengi duniani walipata virusi vya UKIMWI kwa njia hiyo. Stephen naye aliambukizwa kupitia damu. Alipigania usalama wa damu, akafariki mwaka 1993. Mwaka 1997 tu ndipo Marekani iliruhusu faktori ya tisa inayotengenezwa na seli maabarani, bila damu ya mtu.

Turudi kwa mtoto wetu. Himofilia mara nyingi hupita kwa mama kwenda kwa mtoto wa kiume bila mama kujua, na wakati mwingine hutokea ukoo mzima hauna. Hakuna uchawi, hakuna kosa la mama.

Ukimwona mtoto anatokwa damu muda mrefu, au magoti yanavimba bila sababu, usimpe aspirini. Mpelekeni kwa muganga, ombeni apimwe kuganda kwa damu. Na ukikutana na mama anayenyooshewa vidole, msomee maneno haya.