Moduli ya bodi ya gari: Kazi yake, dalili za kuharibika na namna ya kuibadilisha

TAA zinazowaka zenyewe, milango isiyokubali kufungwa, waipa zisizosimama na honi inayolia usiku wa manane bila kuguswa ni dalili ambazo wenye magari wengi huzihusisha na betri kuukuu. Katika magari ya miaka ya karibuni, dalili hizo huweza pia kuelekeza kwenye kisanduku kidogo kilichofichwa nyuma ya dashibodi, yaani moduli ya kudhibiti bodi, ambayo mafundi huitaja kwa herufi BCM.

Kwa wakazi wa Garissa, Wajir na Mandera, hitilafu ya kifaa hicho si jambo dogo. Barabara ya kutoka mji wa Garissa kuelekea Dadaab hukatiza nyika ambako ngamia na twiga huvuka bila kutarajiwa, na gari linalozimika taa ghafla gizani huhatarisha roho za waliomo. Likikwama kabisa, kulivuta kutoka Garissa hadi Nairobi ni safari ya zaidi ya kilomita 350, na kutoka Mandera umbali huo huzidi maradufu.

Kazi ya moduli

BCM ni kompyuta iliyo tofauti na ile ya injini. Hupokea ishara kutoka kwa swichi za milango, taa, indiketa, waipa na vioo, kisha huamua ni saketi ipi ipelekewe umeme na kwa muda gani. Katika magari mengi ya Toyota, moduli hiyo huwa imeshikana na kisanduku cha fyuzi chini ya dashibodi. Katika magari mengi ya Nissan, ndiyo pia hutambua chipu iliyomo ndani ya ufunguo. Ikiharibika, injini yaweza kukataa kuwaka hata kama betri na mafuta havina kasoro.

Magari ya zamani hayakuwa na utaratibu huo. Katika Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilipozinduliwa mwaka wa 1984, taa na honi ziliendeshwa kwa swichi, fyuzi na rilei, na fundi mwenye taa ya kupimia na kipande cha waya aliweza kufuatilia hitilafu hadi mwisho. Mabadiliko yalishika kasi baada ya kampuni ya Bosch ya Ujerumani kuzindua, mwaka wa 1986, mtandao wa mawasiliano uitwao CAN, unaowezesha kompyuta kadhaa za gari kuzungumza kupitia nyaya mbili tu.

Maadui wa moduli

Adui wa kwanza ni maji. Wakati wa mvua za Gu na Deyr, malaga hufurika na madereva hulazimika kuvuka. Mnamo Novemba 2023, mafuriko ya Mto Tana yalikata barabara kati ya Garissa na Madogo. Gari likipita katika maji yanayofika usawa wa milango, maji huingia miguuni pa dereva, karibu na mahali inapokaa moduli. Kutu kwenye vichwa vya nyaya huweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye, wakati mwenye gari amekwisha kuyasahau maji hayo.

Adui wa pili ni vumbi na joto. Joto la mchana mjini Garissa hupita nyuzi 35 mara nyingi, na ndani ya gari lililoegeshwa juani huzidi hapo sana. Kupashwa joto na kupoa kila siku, pamoja na mtikisiko wa barabara mbovu, hupasua viungo vya risasi kwenye bodi ya saketi.

Adui wa tatu ni mikono ya binadamu. Taa za ziada zilizounganishwa kwenye nyaya za taa za kawaida huilemea moduli. Vivyo hivyo, kuchomelea keria kwa umeme bila kuondoa nyaya za betri, au kugeuza nyaya wakati wa kuwashia gari kwa betri ya gari jingine, huweza kuiunguza mara moja.

Pima kabla ya kununua

Kosa linalowagharimu wengi ni kununua moduli kabla ya kuthibitisha kwamba ndiyo yenye kasoro. Fundi hupaswa kuanza na betri: ikiwa imejaa na gari limezimwa, hupima takriban volti 12.6, injini ikinguruma, kipimo huwa kati ya volti 13.5 na 14.5. Kipimo kikiwa chini ya hapo, dalili nyingi za ajabu hutokana na upungufu wa umeme wala si moduli.

Hatua ya pili ni kukagua fyuzi zote na waya wa ardhi unaounganisha moduli na bodi. Upotevu wa umeme kwenye waya huo, saketi ikiwa inafanya kazi, usizidi takriban volti 0.2. Waya wa ardhi uliolegea au kuota kutu huiga karibu kila dalili ya BCM mbovu, na kuusafisha hakugharimu zaidi ya kipande cha msasa.

Hatua ya tatu ni kusoma misimbo ya hitilafu kwa mashine ya uchunguzi inayoweza kuingia kwenye moduli ya bodi. Mashine nyingi za bei nafuu husoma injini pekee. Betri ikiwa imetenganishwa, ukinzani kati ya nyaya mbili za CAN ya kasi huwa takriban omu 60. Ukisoma omu 120, huenda kikinzani kimoja cha mwisho hakijaunganishwa au waya umekatika.

Kupata kifaa sahihi

Magari mengi ya mitumba nchini hutoka Japani, na kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane. Magari mawili ya jina moja na mwaka mmoja huweza kuwa na moduli tofauti kwa sababu ya vifaa vilivyomo. Kwa hivyo, nambari iliyochapishwa kwenye moduli ya zamani ndiyo ifuatwe, wala si jina la gari.

Moduli iliyotumika hugharimu kidogo kuliko mpya, lakini hubeba kumbukumbu ya gari ilikotoka. Wakati mwingine fundi wa elektroniki huweza kuhamisha data kutoka chipu ya zamani, au kurekebisha moduli ileile kwa kuchoma upya viungo vilivyopasuka. Mnunuzi adai risiti yenye jina la muuzaji. Chini ya Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, kushughulikia mali ya wizi ni kosa linaloweza kumfunga mtu hadi miaka 14.

Kubadilisha

Kabla ya kufungua chochote, mipangilio ya moduli ya zamani huhifadhiwa kwenye mashine iwapo bado inasomeka. Kisha waya hasi wa betri huondolewa. Kwa sababu nyaya za mifuko ya hewa hupita karibu, Toyota huagiza fundi asubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa kitu. Vichwa vya nyaya hupigwa picha, huchomolewa bila kuvuta nyaya zenyewe, na kukaguliwa kama vina kutu.

Moduli mpya ikishafungwa, hupangwa kulingana na gari na funguo husajiliwa upya. Funguo zote zipelekwe siku hiyo, maana usiosajiliwa huenda ukakataliwa. Wakati wa kupanga, betri iunganishwe na chaja tulivu, kwani umeme ukishuka katikati ya kazi, moduli huweza kuharibika papo hapo.

Mwisho, taa zote, indiketa, waipa, honi na kufuli hujaribiwa kimoja baada ya kingine. Gari likizimwa na kuachwa hadi kompyuta zake zilale, umeme unaovuja katika magari mengi usizidi miliampia 50. Taa za ziada nazo zipewe rilei na fyuzi zao moja kwa moja kutoka kwa betri, la sivyo moduli mpya itafuata njia ya ile ya kwanza.