Unga wa Meno wa Amani

Katika Usambara ya Mashariki, juu ya Muheza, kimo cha futi 3,000 hivi, pana mahali paitwapo Amani. Wadachi walipokuwa wakiitawala nchi hii walianzisha hapo, mwaka 1902, chuo cha kuchungua mimea na kilimo. Watu wengi wamesikia habari za miti ya kwinini iliyopandwa huko. Wachache wajua kwamba Amani palitengenezwa pia unga wa kusafishia meno. Habari hiyo ndiyo tutakayoisimulia leo, kwa kuwa ina mafundisho kwa kila atakaye meno meupe.

Vita Kuu ya kwanza ilipoanza, mwezi wa Agosti 1914, haikuchukua muda manowari za Waingereza zikaizuia pwani, na bidhaa za Ulaya zikaadimika. Basi mabingwa wa Amani wakageuka kuwa mafundi wa viwanda. Katika miezi 18 ya kwanza ya vita walitengeneza chupa 15,200 za wiski na vileo vinginevyo, ratili 15,652 za chokoleti na kakao, vipande 10,000 vya sabuni, chupa 300 za mafuta ya mbarika, na vifurushi 2,652 vya unga wa meno. Kisha, mwaka 1916, Waingereza wakaitwaa Amani.

Tazameni jambo hilo. Nchi imezingirwa na risasi zalia, na bado watu waliona kwamba kusafisha meno ni haja isiyoweza kungoja vita viishe.

Walakini wenyeji wa nchi hawakungoja unga huo ndipo wasafishe vinywa vyao. Katika nyika kavu zilizo chini ya milima huota mti wa mswaki, nao umetumika tangu zamani kwa kuchuliwa vijiti. Kijiti hutafunwa ncha mpaka nyuzi zake zikatawanyika, kisha husuguliwa menoni. Hata brashi ya dukani ilipofika, ilipewa jina la mti huo.

Sasa tuulize: je, mswaki na unga vyaweza kuyafanya meno kuwa meupe? Jibu hutegemea doa lenyewe limekaa wapi. Kuna madoa ya nje, yaletwayo na chai, kahawa, tumbako, na tambuu ambayo hutia wekundu vinywani mwa watu wa pwani. Hayo hukaa juu ya jino, na usafi wa kila siku huyapunguza. Yakiwa yameshika sana, daktari wa meno huyakwangua kwa vyombo vyake.

Lakini ukali si usafi. Ganda la nje la jino ni gumu kuliko mfupa, ila halina uhai, na likilika halioti tena. Chini yake pana sehemu ya ndani yenye rangi ya manjano. Kwa hiyo mtu asuguaye meno kwa mchanga, majivu au mkaa uliosagwa, au ayaoshaye kwa maji ya limau, hulipunguza ganda lile jeupe, na ile manjano ya ndani huzidi kuonekana. Alitaka weupe, akapata kinyume chake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa jino, ukiisha kubomoka, haujengeki.

Kuna na madoa ya ndani. Mwaka 1901 daktari wa meno aitwaye McKay alifika Colorado Springs, katika Marekani, akaona wenyeji wengi wana meno ya kahawia ambayo hayakutakata kwa kusuguliwa. Alichungua jambo hilo miaka mingi. Hata mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill akaipata sababu: maji ya kunywa yalikuwa na floraidi nyingi. Floraidi kidogo hulinda meno yasioze. Ikizidi, huliharibu ganda la jino la mtoto wakati bado linaumbwa ndani ya ufizi.

Jambo hilo si geni kwetu. Sehemu nyingi za Arusha na Kilimanjaro, meno ya kahawia hutambulisha mtu alikokulia, na vijana wengine huficha vinywa vyao wachekapo. Wala si maji peke yake. Taarifa iliyochapishwa mwaka 1998 ilieleza habari za Kibosho, ambako maji yana floraidi kidogo mno, na huku watoto walikuwa na madoa mabaya menoni. Magadi yaliyotiwa katika chakula yalihesabiwa miongoni mwa sababu, maana magadi ya Bonde la Ufa yaweza kuwa na floraidi nyingi. Basi mama apikaye makande au maharage alainishe chakula kwa kuyaloweka usiku kucha, asimlishe mtoto mdogo magadi. Tena ajue kuwa kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Huko Ngurdoto, karibu na Arusha, maji huchujwa kwa mkaa wa mifupa.

Na aliyekwisha kuwa na madoa, afanyeje? Mwaka 1818 Mfaransa Thénard aligundua dawa iitwayo haidrojeni peroksaidi. Mwaka 1989 Haywood na Heymann, wa Marekani, walieleza njia ya kutumia dawa ya jamii hiyo, kabamidi peroksaidi ya asilimia 10: mtu hutengenezewa kifuniko chembamba cha kufuata umbo la meno yake, hutiwa dawa ndani, naye hukivaa usiku. Dawa hupenya ganda na kuivunja rangi bila kulikwangua jino. Njia hiyo ni salama ikisimamiwa na daktari, ijapokuwa meno huweza kupata ganzi kwa muda mtu anywapo maji baridi. Haibadilishi rangi ya meno ya bandia wala ya viziba vya meno. Jino lililooza hutibiwa kwanza. Na madoa makubwa ya floraidi huenda yakahitaji kufunikwa kwa ustadi wa daktari.

Basi, ndugu zangu, kabla hujanunua unga wowote, jiulize doa lako ni la nje au la ndani. La nje litakwe kwa upole, asubuhi na usiku, kwa mswaki na dawa ya meno. La ndani lipelekwe kwa daktari. Na kijana mwenye meno ya kahawia asichekwe: si uchafu wake, ni alama ya maji aliyokunywa na chakula alicholishwa angali mtoto.