Maktaba ya hospitali

Maktaba ya hospitali ni maktaba iliyopo ndani ya hospitali, au inayoihudumia hospitali, kwa ajili ya madaktari, wauguzi, wafamasia, wanafunzi wa tiba, viongozi wa hospitali na, mahali pengine, wagonjwa na jamaa zao. Msimamizi wake ni mkutubi wa tiba, yaani mkutubi aliyejifunza jinsi maarifa ya afya yanavyoandikwa, yanavyopangwa na yanavyotafutwa. Kazi yake kuu si kulinda rafu za vitabu, bali kumfikishia mtoa huduma jibu la kuaminika kabla uamuzi kuhusu mgonjwa haujafanyika.

Mfano mmoja unaoonyesha umuhimu wa kazi hiyo ni historia ya homa ya chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa kwa mara ya kwanza katika maeneo ya Newala na Masasi, kusini mwa Tanzania.

Historia

Maktaba za tiba ni za zamani. Hospitali ya Pennsylvania mjini Philadelphia, Marekani, ilianza kukusanya vitabu vya tiba mwaka 1762. Kwa muda mrefu mkutubi alibaki katika chumba chake akisubiri wasomaji. Mwaka 1971 Gertrude Lamb, katika Chuo Kikuu cha Missouri mjini Kansas City, alianzisha utaratibu wa wakutubi kuongozana na madaktari wanapopita wodini, kusikia maswali yanayozuka kitandani pa mgonjwa na kurudi na majibu. Utaratibu huo ulienea baadaye katika nchi nyingine.

Barani Afrika, wakutubi wa afya waliunda chama chao, AHILA, mwaka 1984. Kwa ajili ya hospitali za wilaya zisizo na maktaba, Shirika la Afya Duniani lilitengeneza maktaba ndogo ndani ya sanduku la bati la rangi ya bluu, lenye vitabu zaidi ya 100 vya tiba na afya ya jamii. Mwaka 2002 shirika hilo, pamoja na wachapishaji wakubwa, lilianzisha mpango wa Hinari, unaoziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida ya tiba kwa njia ya intaneti bila malipo au kwa ada nafuu.

Kazi za mkutubi wa tiba

Mkutubi wa tiba hupokea swali la mtoa huduma, hulichambua, hutafuta katika hifadhidata na vitabu, huchagua maandishi yenye ushahidi mzuri na kuyawasilisha kwa ufupi. Pia huwafundisha watumishi kutafuta wenyewe, huondoa rafuni miongozo iliyopitwa na wakati, na hutunza taarifa zinazoandikwa na hospitali yenyewe.

Kwa mfano, mgonjwa anafika na homa kali na maumivu ya viungo, na kipimo cha malaria hakionyeshi vimelea. Anaweza kuwa na chikungunya au dengue, magonjwa mawili yanayofanana sana siku za mwanzo. Tofauti hiyo ina uzito: aspirini na baadhi ya dawa nyingine za maumivu zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu kwa mwenye dengue, hivyo miongozo hushauri parasetamoli mpaka dengue iondolewe katika orodha. Tabibu anayejua mahali pa kupata mwongozo huo humkinga mgonjwa na madhara hata kama hospitali haina kipimo cha virusi.

Maarifa hayo hubadilika haraka. Chanjo ya kwanza ya chikungunya iliidhinishwa nchini Marekani mnamo Novemba 2023, lakini mnamo Agosti 2025 leseni yake ilisimamishwa huko kutokana na taarifa za madhara makubwa. Anayetegemea kitabu kilichochapishwa mwaka 2024 hawezi kulijua hilo bila mtu wa kumpatia habari mpya.

Mfano wa Newala na Masasi

Mji wa Newala uko juu ya uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara, ukitazama bonde la mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji. Masasi uko upande wa magharibi, chini ya uwanda huo. Miaka ya 1952 na 1953 ulizuka katika eneo hilo ugonjwa wenye homa ya ghafla, upele na maumivu ya viungo makali kiasi cha kumzuia mgonjwa kusimama wima. Wenyeji waliuita kwa Kimakonde chikungunya, jina linaloeleza hali ya kujikunja.

Dalili za wagonjwa ziliandikwa na daktari Marion Robinson. Jinsi ugonjwa ulivyoenea iliandikwa na W. H. R. Lumsden, mtafiti wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda. Makala zao zilitolewa mwaka 1955 katika jarida la Royal Society of Tropical Medicine and Hygiene la London. Mwaka 1956 R. W. Ross alieleza virusi vyenyewe, vilivyopatikana katika damu ya wagonjwa na katika mbu wa aina ya Aedes aegypti. Mbu huyo huzaliana katika maji yanayowekwa majumbani, na uwanda wa Makonde unajulikana kwa uhaba wa mito na visima, hali inayowalazimisha watu kuhifadhi maji.

Mlipuko ulipita, lakini maelezo yake yalibaki katika maktaba. Mwaka 2004 chikungunya ilienea Lamu na Mombasa, mwaka 2005 ikafika Komoro, na mwaka 2005 na 2006 ilishambulia kisiwa cha Réunion, ambapo watu zaidi ya 200,000 waliugua. Kwa madaktari wengi ugonjwa huo ulikuwa mgeni, na maandishi yaliyotokana na wagonjwa wa vijiji vya Newala na Masasi nusu karne nyuma yalikuwa sehemu ya msingi wa kuuelewa.

Kurudi kwenye maandishi ya kwanza husaidia pia kusahihisha makosa. Vitabu na makala nyingi za nje zimedai kwamba chikungunya ni neno la Kiswahili, ingawa ni la Kimakonde.

Maandishi ya zamani yamezua hata swali kuhusu historia ya dengue. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar, aliandika mwaka 1872 kuhusu ugonjwa ulioitwa kidinga pepo, uliokuwa umeenea kisiwani miaka michache kabla, na ambao wazee walikumbuka kuuona mwaka 1823. Jina hilo bado linasikika katika neno kidingapopo, linalotumika leo kwa ugonjwa wa dengue. Hata hivyo, baada ya kulinganisha maelezo ya Christie na yale ya Newala, Donald Carey alitoa hoja mwaka 1971 kwamba milipuko ile ya Zanzibar huenda ilikuwa chikungunya. Hoja ya namna hiyo haiwezi kutolewa pasipo mtu aliyetunza majarida ya miaka mia moja nyuma na kujua yaliko.

Ushahidi wa manufaa

Utafiti unaotajwa mara nyingi ulifanyika Rochester, Marekani, na kutolewa mwaka 1992 na Joanne Marshall. Madaktari waliombwa kupeleka swali kuhusu mgonjwa kwa mkutubi wa hospitali, kisha kueleza matokeo. Kati ya madaktari 208 waliojibu, takriban 80% walisema kwamba habari walizoletewa ziliwafanya, kwa hakika au huenda, kubadili jambo fulani katika matibabu.

Hasara ya kutotafuta vya kutosha ilionekana Baltimore, Marekani, mnamo Juni 2001. Mwanamke wa miaka 24, mwenye afya njema, alijitolea katika utafiti wa pumu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, akavuta dawa ya heksamethoniamu, na akafariki baada ya mapafu yake kuharibika. Maandishi ya miaka ya 1950 yalikuwa yameonyesha hatari ya dawa hiyo kwa mapafu, lakini hifadhidata iliyotumika kutafuta ilianzia wakati ule na makala za mwaka 1966. Tangu hapo wakutubi wa tiba hukitaja kisa hicho kuonyesha kwamba kutafuta ni ujuzi unaohitaji mtu aliyefunzwa. Makala za Newala za 1955 na 1956 ni za kipindi hichohicho ambacho hifadhidata ya wakati ule haikukifikia.

Hali nchini Tanzania

Maktaba kubwa za tiba nchini Tanzania ziko kwenye vyuo na hospitali za rufaa, kama Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Dar es Salaam, na hospitali ya KCMC, Moshi. Wakutubi hufundishwa, pamoja na kwingineko, katika chuo cha Bodi ya Huduma za Maktaba kilichopo Bagamoyo. Kutoka Masasi au Newala mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500 kwa barabara, hivyo mtumishi wa huko hawezi kutegemea rafu za Muhimbili.

Kwa wasiosoma Kiingereza, vitabu kama Mahali Pasipo na Daktari vimetoa maarifa ya tiba kwa Kiswahili. Majarida ya utafiti, hata hivyo, karibu yote ni ya Kiingereza, na mkutubi anaweza kumpatia mgonjwa au mhudumu wa afya wa kijiji maelezo kwa lugha anayoielewa.

Changamoto

Katika nchi nyingi maktaba ya hospitali ni kati ya huduma za kwanza kupunguziwa fedha, kwa sababu faida yake haionekani katika hesabu za mapato. Wengine huona kwamba intaneti inatosha. Wanaoitetea hujibu kwamba intaneti huchanganya ushahidi mzuri na uvumi, kwamba majarida mengi huuzwa kwa bei isiyowezekana kwa hospitali ya wilaya, na kwamba nafasi iliyofunguliwa na Hinari haina faida pale ambapo hakuna mtu anayetunza nywila na kuwafundisha wenzake kuitumia.

Kwa hospitali ndogo, mkutubi mmoja anaweza kuhudumia hospitali kadhaa za mkoa kwa simu na barua pepe, huku kila hospitali ikiwa na kompyuta moja, intaneti na muuguzi au tabibu aliyepewa muda wa kazi hiyo. Makala ya Ross ya mwaka 1956, kwa mfano, inaweza kusomwa bure mtandaoni. Bila mtu wa kuitafuta, tabibu wa Newala anaweza kumtibu mgonjwa wa chikungunya bila kujua kwamba ugonjwa huo ulielezwa kwa mara ya kwanza kutokana na wagonjwa wa eneo lake mwenyewe.